Leonard Drozd, Mchaguzi Asiyeulizwa

Lackawanna yote, mji mdogo wa chuma jirani na Buffalo, ilijua kwamba Leonard Drozd hapatii. Kila mwaka, theluji ilipoanza kuwa nyeusi pembezoni mwa barabara, alijifungia jikoni na kalamu ya risasi na rundo la magazeti, akaamua kijana yupi wa chuo atachukuliwa na timu ipi. Mwezi wa nne timu kubwa za mpira wa Kimarekani, ule wa kurushwa na kukumbatiwa kwa mikono, huchagua kutoka nchi nzima vijana wanaomaliza vyuo, moja baada ya nyingine, na ile iliyochapwa kuliko zote msimu uliopita ndiyo hutangulia. Kuna watu wanaolipwa mshahara kwa kazi ya kubashiri nani atakwenda wapi. Leonard hakulipwa na mtu, na wakuu wa timu ya Buffalo hawakuwahi kumpigia simu kumuuliza. Hata hivyo alitaabika kama baba anayewatafutia binti zake wachumba.

"Unawachagulia wachezaji watu wasiojua hata kama upo duniani," mkewe Genevieve alimwambia kila mwaka, huku akiyasukuma magazeti apate pa kusukumia unga wa pierogi, vile vijisambusa vya Kipolandi.

"Najua."

"Na hao unaowachagua hawaendi unakowapeleka."

"Wengine huenda."

"Nani? Nitajie mmoja."

Leonard alimtaja yule yule wa siku zote, mkingaji mmoja aliyempatia zamani wakati mtoto wao wa kwanza bado hajaota meno. Genevieve aliguna akaendelea na unga wake.

Ugonjwa huo aliutoa kiwandani. Ilikuwa majira ya baridi ya mwisho ya kiwanda cha chuma, kila wiki kundi jingine la watu likirudisha kofia ngumu na kwenda nyumbani lisirudi tena. Leonard na rafiki yake Clifford Tubbs walikuwa wakila chakula cha mchana kwenye kibanda cha kreni, kimya. Wakizungumzia kazi, walishindwa kumaliza chakula. Wakizungumzia nyumbani, hasira zilipanda. Siku moja Clifford akakunjua gazeti kwenye ukurasa wa michezo.

"Tuseme wewe ndiye Buffalo," akasema. "Zamu yako imefika. Unamchukua nani?"

Leonard, ambaye kwa mwaka mzima hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza anataka nini juu ya jambo lolote, alifikiri mpaka king'ora cha kurudi kazini kikalia. Kesho yake alikuja na jibu, na sababu zake, na Clifford akamwambia ni jibu la punda. Tangu siku hiyo hawakuacha. Kiwanda kilifungwa, Leonard akawa dereva wa gari la mji la kusukuma theluji, Clifford akapata kazi ya kutunza boila za shule, nywele zikawa nyeupe, na kila mwezi wa nne walikaa na kupeana majina ya punda.

Clifford ndiye aliyejitahidi kumjibu Genevieve kwa hoja. "Shemeji," alimwambia, "wewe ukipoteza miwani unamwomba Mtakatifu Antonio. Huwa unaiona kila mara?"

"Mara nyingi."

"Basi umetuzidi. Sisi letu halijibiwi karibu kila mwaka. Lakini tunaendelea kuomba."

"Mimi nikimaliza kuomba nina miwani. Ninyi mkimaliza mna nini?"

Clifford alicheka, akakubali kwamba hapo ameshikwa.

Leonard alistaafu, na mwaka wake wa pili wa kukaa nyumbani, mwezi wa pili, alitoka alasiri moja na mashine ya kurusha theluji asafishe njia mpaka barabarani. Genevieve alikuwa dirishani. Aliiona mashine ikienda peke yake, taratibu, ikaingia kwenye ua wa jirani na kuanza kutafuna matawi. Nyuma yake Leonard alikuwa amelala chali kwenye theluji, macho wazi.

Hakuumia popote. Alichokumbuka baadaye ni kwamba alitaka kumwambia mtu azime ile mashine, na neno la kuzima lilikuwa pale pale, alilijua, lakini alipolishika likateleza kama sabuni.

Hospitali wakasema ni kiharusi. Mkono wa kulia ulikuwa mzito, mguu ukaanza kurudi mapema, ila usemi ulikuwa umekwenda. Leonard alielewa kila alichoambiwa. Alijua jina lake, mtaa wake, jina la rais. Alipotaka maji alimgeukia muuguzi, akapanga sentensi yake vizuri kichwani, akafungua mdomo.

"Jumanne," akasema.

Alisikia alichosema akashtuka. Akajaribu tena, kwa nguvu zaidi, na ikawa Jumanne tena. Muuguzi akamwambia kwa upole kwamba leo ni Alhamisi. Leonard alitikisa kichwa kwa hasira akaonyesha jagi. Tangu hapo kila kitu kilikuwa Jumanne: chakula, choo, maumivu, wanawe waliopiga simu kutoka Carolina. Genevieve alipomuinamia kitandani na kumuuliza, "Mimi ni nani, mzee?" alimtazama usoni, mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo, akamwita Jumanne. Genevieve alimpapasa shavu, akasema sawa, sawa baba, akatoka ukumbini. Leonard alisikia hatua zake zikisimama nje ya mlango, na zikakaa hapo muda mrefu.

Clifford alikuja siku ya tatu. Alikalia ncha ya kiti, kofia magotini, akazungumza juu ya barafu ziwani, juu ya bei ya mafuta, juu ya boila ambayo haikumhusu tena, maana yeye naye alikuwa ameshastaafu. Leonard alimjibu kwa lile neno lake moja. Clifford akacheka kidogo, kisha akaona si la kucheka. Alipoaga aliahidi kurudi kesho, na hakurudi, wala wiki iliyofuata.

Mtaalamu wa kurudisha usemi aliitwa Samira Nasher, binti wa Kiyemeni aliyezaliwa ng'ambo ya reli pale pale Lackawanna. Babu yake alikuwa amefanya kazi kwenye tanuru za kiwanda kile kile. Alimwekea Leonard picha mezani: kikombe, ufunguo, mbwa. Leonard aliona aibu. Mtu mzima, anaonyeshwa mbwa. Siku ya nne alizigeuza picha zote kifudifudi kwa mkono wa kushoto na kutazama ukuta.

Samira hakumlazimisha. Alimfuata Genevieve nje.

"Mama Drozd, kabla ya haya, mzee alipenda kuongea juu ya nini? Kitu ambacho ukimwacha atasema mpaka umfukuze."

Genevieve alifunga koti lake vifungo. "Upuuzi," akasema.

"Upuuzi gani?"

"Mpira. Hata si mpira wenyewe. Kubashiri timu zitachagua vijana gani. Yeye na mwenzake wamezeeka wakifanya hivyo, na hawapatii."

Samira akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Nina kaka watatu wana ugonjwa huo huo. Huyo mwenzake yuko wapi?"

Jioni hiyo Genevieve alitembea mpaka kwa Clifford Tubbs. Alimkuta jikoni, redio imezimwa. Hakuvua hata kofia.

"Umemtupa rafiki yako."

"Sijamtupa, shemeji." Clifford hakumtazama. "Nakaa pale naongea peke yangu kama redio. Yeye ananitazama na macho yale yale, yuko mle ndani, najua yumo, na mimi sina la kumfanyia. Siwezi."

"Basi kuwa redio," Genevieve akasema. "Anarudi nyumbani Jumamosi. Njoo na yale makaratasi yenu."

"Wewe ndiye unasema hivyo?"

"Mimi ndiye. Na usinifanye niseme mara mbili."

Jumamosi Clifford akaja na magazeti kwapani. Samira alikuwepo pia, ameketi pembeni karibu na jokofu. Alikuwa ameshawaonya wote kwamba mtu asimmalizie Leonard neno, hata likichukua dakika nzima. Clifford akavaa miwani akaanza kusoma zamu za timu, moja baada ya nyingine, na kila moja akaipa kijana wake. Leonard alisikiliza. Alitikisa kichwa hapa, akakunja uso pale. Alijua majina yote. Alikuwa ameyasoma tangu kabla ya Krismasi. Yalikuwa yamepangana kichwani mwake kama vifaa ukutani, na mkono haufiki.

"Sasa Buffalo," Clifford akasema. Akalamba kidole, akafungua ukurasa. "Buffalo nimeifikiria sana. Buffalo inamchukua mpigaji teke."

Leonard aliinua uso.

"Ndiyo. Zamu ya kwanza kabisa, mpigaji teke. Kuna kijana mmoja ana mguu mzuri sana. Hatuhitaji mrushaji. Mrushaji wa nini? Sisi tupige tu mateke."

Mpigaji teke huingia uwanjani mara chache tu, wala hachukuliwi na mtu mwenye akili zake mpaka mwisho kabisa wa zamu zote. Mkono wa kushoto wa Leonard ukapiga meza, midomo ikahangaika, na Genevieve, aliyekuwa ameshika sufuria, akasimama kama mti.

"Ju—" Leonard akasema. Akakataa kwa kichwa. Akaanza upya. "M... mji..."

Hakuna aliyemsaidia.

"Mjinga," Leonard akasema. Lilitoka zima, na herufi zake zote.

Clifford aliishusha karatasi. Akaitoa miwani, akajifunika uso kwa kofia yake, mabega yakawa yanatikisika, na hapana mtu jikoni mle aliyejua kama anacheka au analia mpaka aliposema kutoka ndani ya kofia, "Rudia tena, kaka. Sikusikia vizuri."

Leonard akarudia. Akarudia mara nyingi.

Tangu siku hiyo Clifford alikuja kila asubuhi. Samira aliwafundisha namna ya kufanya: Leonard aimbe kidogo majina ya miji, apige meza kwa mkono wa kushoto kila silabi. Cleveland ilirudi, halafu Detroit, halafu Oakland. Kulikuwa na siku njema na siku ambazo hata neno mjinga halikutoka. Majina ya vijana yalikuwa magumu kuliko ya miji. Moja lilimchukua juma zima, na alipolipata Clifford akamwambia kijana huyo ameshavunjika mguu, amtafute mwingine. Lakini palikuwa na mkingaji mmoja, kijana mkubwa wa Kisamoa aliyetokea Hawaii, Kekoa Lutali. Mara ya kwanza tu Leonard aliligusa jina lile likateremka lenyewe ulimini. Ke-ko-a Lu-ta-li. Akampa Buffalo, na hakukubali kumbadilisha.

"Tuna wakingaji wa kutosha," Clifford akalalamika. "Unamchagua kwa sababu jina lake ni jepesi."

Leonard akafikiri. "Ndiyo," akasema.

"Angalau ni mkweli. Wale wanaolipwa mamilioni huenda wanafanya hivyo hivyo."

Asubuhi moja kabla Clifford hajafika, Genevieve alikuwa anaosha vyombo na maji yakitiririka. Nyuma yake akasikia, "Gienia." Ndivyo mama yake alivyokuwa akimwita, na Leonard siku walipokuwa wachumba. Hakugeuka, maana hakutaka auone uso wake.

"Nini?" akauliza.

Leonard hakuwa na haja ya kitu chochote. "Basi tu," akasema.

Nje ya jikoni mambo hayakuwa mepesi. Katikati ya Kwaresima alikwenda peke yake duka la nyama kununua soseji za Pasaka. Alisimama mbele ya kaunta na neno likagoma. Mwanamke nyuma yake akammalizia: nyama ya kusaga? Kuku? Muuzaji akapaza sauti kana kwamba yeye ni kiziwi, akizungumza polepole na kutabasamu sana. Leonard aliwahi kuyagonga magari ya hawa watu kwa koleo la gari lake la theluji saa za alfajiri, wakamtukana, naye akawatukana. Sasa walikuwa wakimtabasamia. Akatoka bila soseji, na akasema, au alifahamisha kwa maneno aliyokuwa nayo, kwamba hatoki tena.

Maana yake ilikuwa hatakwenda ukumbini. Kila mwaka siku ya uteuzi mashabiki wa upande ule wa mji walikusanyika kwenye ukumbi wa wazima moto wa kujitolea. Zamu ya Buffalo ikikaribia, sauti ya televisheni huzimwa, na kila aliyebashiri husimama akamtaja mtu wake mbele ya wote.

"Ha-pana," Leonard akasema.

"Sawa," Clifford akasema, akichukua kofia yake. "Nitawaambia kwamba Drozd anaumwa, ila ametuma jina. Nitawaambia Drozd anamtaka mpigaji teke."

Leonard alimkazia macho.

"Nitalisema kwa sauti kubwa. Na mke wako ni shahidi."

"Nitashuhudia," Genevieve akasema kutoka kwenye sinki.

Basi akaenda. Alivaa shati lake la buluu, Genevieve akamfunga vifungo vya mkono wa kulia. Ukumbini kulikuwa na harufu ya mabawa ya kuku na koti zilizoloa, na watu walimpisha njia, wakampa kiti cha mbele, wakamgusa bega taratibu kama anaweza kuvunjika. Akaona ni afadhali angebaki nyumbani. Aliketi akijirudia jina lake moyoni. Ke-ko-a Lu-ta-li. Zilibaki timu tatu kabla ya Buffalo. Zikabaki mbili.

Halafu kwenye kioo akatokea kijana mkubwa mwenye shada la maua shingoni, amekumbatiwa na mama yake, na ukumbi ukaguna. Tennessee walikuwa wamemchukua Lutali.

Jina ambalo Leonard alilibeba mwezi mzima lilikuwa limekwenda zake. Timu ya mwisho ikachagua, sauti ikazimwa, na watu wakaanza kusimama. Fundi bomba mmoja akamtaja mdakaji wa Texas, akazomewa. Clifford akamtaja mrushaji, akazomewa zaidi. Kisha kukawa kimya, na kimya kile kilikuwa cha huruma, na Leonard akaelewa kwamba wako tayari kumruka, na kwamba hakuna atakayemlaumu.

Akasimama. Genevieve alimwona akishika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto na kuanza kuupiga polepole.

"Mli..." akasema. "Mlinzi. Wa..." Likakwama. Watu walitazama sakafu. Mtu mmoja nyuma akafungua mdomo amsaidie, na Clifford akamgeukia kwa jicho ambalo lilimfunga mdomo. Meza ikaendelea kugongwa. "Wa Georgia. Ta... Tava... Tavarius. Bell."

Tavarius Bell alikuwa mlinzi mwenye mwili mdogo mno, aliyekosa nusu ya msimu kwa nyonga mbovu, na hata waandishi wa kulipwa hawakumweka mahali popote karibu na hapo.

"Bell?" fundi bomba akasema. "Drozd, una wazimu? Yule ana nyonga ya bibi yangu."

"Keti chini, Lenny," mwingine akadakia. "Mwaka jana ulituletea yule wa Utah, mwaka huu mgonjwa."

"Mtoeni nje."

Wakamzomea. Wakamzomea ukumbi mzima, wakigonga meza, na mtu akamrushia kitambaa cha karatasi kilichoviringishwa, kikampata kifuani. Leonard alibaki amesimama. Kwa muda wote tangu theluji ile hakuna mtu aliyekuwa amemkemea isipokuwa Clifford. Akawatazama mmoja mmoja, wote mdomo wazi, wakali, hawamhurumii hata kidogo, na uso wake ukafunguka.

"Wa-jinga," akawaambia. "Wote." Akaketi.

Sauti ikarudishwa. Buffalo wakamchukua mkimbiaji kutoka chuo kidogo ambaye hakuna hata mmoja ukumbini aliyemtaja. Wote walikuwa wamekosea, kama kawaida, na wote wakaanza kueleza kwa nini timu ndiyo iliyokosea.

Asubuhi Leonard alikuwa mezani na gazeti. Genevieve akaweka kahawa mbele yake, akaketi na yake, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo saa hiyo ya kazi.

"Yule mkimbiaji mliyempata," akasema. "Nilimwona jana akiitwa. Amewakumbatia wajomba, marafiki, na bwana mmoja mwenye suti. Mama yake amesimama pembeni na mkoba wake, anangoja zamu. Mimi nisingemchukua."

Leonard aliinua kichwa. "Kwa... sababu hiyo?"

"Kwa sababu hiyo. Ningemchukua yule wa maua. Yeye alianza kwa mama."

"Ame-kwenda. Tennessee."

"Basi ningemchukua mapema. Ninyi mmekaa na magoti na nyonga za watu miezi yote, hamkuangalia mama zao."

Leonard alikuwa na mengi ya kujibu. Kwanza, huwezi kuchagua mapema, zamu ni zamu. Pili, kuna jambo linaitwa kasi. Alianza na la kwanza, likamtesa, akaliacha nusu, akashika la pili. Genevieve hakummalizia. Alimngoja kila neno, kisha akamkatalia, na kahawa zikapoa zote mbili wakati Leonard akigonga meza kutafuta neno la kumwambia kwamba mama wa mtu hakimbii.